Watoto Watatu wa Barabara ya Kaskazini

Jumatatu, 13 Januari

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata kwenye sala nimelizungukazunguka: sikugonga mlango hata mmoja.

Siku tatu nimekwenda Barabara ya Kaskazini. Siku tatu nimekaa ndani ya gari la baba, injini inanguruma, fomu mapajani. Nyumba kumi. Kazi yangu ilikuwa kugonga, kutaja jina langu, kuuliza kama wana watoto. Basi! Nyumba ya kwanza ilikuwa na mbwa. Ya pili haikuwa na mbwa ila pazia lilitikisika. Nikarudi nyumbani.

Sababu ya fomu ni hii. Juni wilaya ilifunga shule ya hapa Sollien. Darasa letu lilikuwa la mwisho kumaliza, wanafunzi sita. Sasa wadogo wanapanda basi mwendo wa saa moja na nusu kwenda Brandvold. Mdogo wangu Linnea ana miaka saba. Anaondoka giza halijatoka. Wiki iliyopita alirudi suruali imelowa, hakusema neno, akaenda kuificha nyuma ya mashine ya kufulia. Niliiona. Nilijifanya sijaiona.

Sheria inaturuhusu kufungua shule yetu wenyewe, ya umma, kwa mkataba. Sharti tulishawishi shirika la idhini kule St. Paul, mji mkuu wa jimbo, kwamba tunaweza. Maombi yana kurasa mia mbili na kumi. Mimi ndiye karani wa kamati kwa sababu nachapa haraka na siongei. Wanataka watoto sitini walioahidiwa na wazazi kwa saini. Tunao hamsini na saba. Mwisho ni kesho saa kumi jioni.

Kaylee, mjukuu wa mwenyekiti, ameleta thelathini na mmoja peke yake. Leo kaniuliza, na tabasamu lake lile, mimi nimepata wangapi.

Nikasema watatu. Mdomo ulisema wenyewe!

Kwa hiyo nimewaandika. Familia ya Marchetti, nyumba ya mwisho kabisa, ile ya marehemu Engebretson, tupu mwaka wa nne sasa. Mama: Lorna. Watoto: Otis, Pearl na Wendell. Saini nimeweka kwa mkono wa kushoto.

Nimenawa mara tatu. Bado nasikia harufu ya wino.

Jumanne, 14 Januari

Nilidhani tunatuma tu. Kumbe Bi Marlys, mwenyekiti wetu, alitaka kwanza asome majina yote kwa sauti, ukumbi wa chini wa kanisa, mbele ya kamati nzima. Bi Marlys alikuwa mwalimu mkuu miaka thelathini. Akisoma jina lako, unasimama hata kama umekaa kwako.

Alipofika kwa Marchetti aliacha kusoma. Akaniangalia juu ya miwani. 

Hapa kwetu mgeni akihamia, wiki ya kwanza hiyo hiyo lazima apelekewe chakula cha kuoka, kikiwa cha moto, sinia limefunikwa. Mwanamke aliyechelewa husemwa mpaka masika. Na hapa palikuwa na wageni ambao hakuna aliyewasikia.

Bi Ardis, aliyepika shuleni miaka ishirini na sita, akadakia. "Aa, hao! Mbona niliwapelekea sinia la nyama na viazi kabla ya Krismasi? Kale kadogo kalikula mara mbili."

Bi Marlys akawa mwekundu shingoni. Hawa wawili hawajaelewana tangu walipogombana nani aliunguza kahawa ya mazishi ya mchungaji. "Kabla ya Krismasi, Ardis? Pole. Mimi niliwapelekea keki ya limau tangu Novemba, siku ya Shukrani. Lorna alinirudishia sahani imeoshwa."

Lorna! Nilishika kiti. Lorna gani?

Nikabaki namwogopa Mzee Verlyn. Yeye ndiye anaendesha greda la theluji, anajua kila nyumba inayotoa moshi. Alijikuna kidevu muda mrefu. Akasema barabara ile anaisafisha kila asubuhi, na yule bwana Marchetti humpungia mkono.

Maombi yalitumwa saa tisa na dakika arobaini na mbili. Kila mtu alipiga makofi. Mimi nilikwenda chooni kukaa.

Ijumaa, 17 Januari

Mkaguzi wa shirika la idhini anakuja Jumatano. Anaitwa Bi Xiong. Inasemekana haongei sana. Watu wasioongea sana nawajua. Huwa wanaangalia.

Huku familia inakua. Dukani nimesikia kwamba Wendell amevaa miwani. Muuzaji anasema baba yao ni fundi wa matrekta, tena wa bei nzuri. Mama yangu mwenyewe, wakati wa chakula, kasema alimwona Pearl kanisani, nywele zake nzuri. Nikamuuliza nywele za rangi gani. Akasema za kawaida tu, kwani wewe vipi?

Naanza kuwaogopa. Nikipita njia panda ya kaskazini siangalii upande ule.

Nimebuni mpango. Nitawahamisha! Nikamwendea Bi Marlys, nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba nimesikia hao Marchetti wanataka kuondoka. Tuwafute mapema, tutafute wengine watatu.

"Nani kakudanganya, mwanangu?" akasema. "Jana tu nimeongea na Lorna kwa simu."

Jumatano, 22 Januari

Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Bi Xiong alivua buti mlangoni, akakaa na soksi zake za manjano, akafungua daftari. Aliuliza kuhusu mtaala, akauliza basi letu likiharibika tutafanyaje. Bi Marlys alijibu vizuri. Mzee Verlyn alijibu "ndiyo" mara nne na "hapana" mara moja, na hata hiyo hapana ilikuwa ya kahawa.

Kisha Bi Xiong akasema kamati yetu anaona wote ni ndugu au majirani wa miaka hamsini. Angependa kusikia kuhusu familia moja mpya isiyo ndugu wa mtu.

Wote kwa pamoja, kama kwaya: Marchetti!

Bi Ardis akasema watoto wale hawachagui chakula. Bi Marlys akasema samahani, Wendell maziwa yanamdhuru. Bi Ardis akasema kwake alikula jibini mpaka akalamba sinia. "Kwa jibini yako hiyo, Ardis," akasema Bi Marlys, "hata ng'ombe mwenyewe ingemdhuru."

Bi Xiong aliandika yote. Halafu akasema vizuri, twendeni tukawasalimu.

Magari matatu. Mimi nyuma kabisa na Kaylee, ambaye alikuwa anaimba. Tulipita nyumba ya tisa, barabara ikaisha. Mbele yetu ukuta wa theluji, unanifika kifuani, juu umeganda kama kaure. Tawi zima la mti limezama ndani yake. Mbali, nyumba ya Engebretson, haina moshi.

Mzee Verlyn alisema ni upepo. Wa asubuhi hii.

Bi Xiong aliuliza kama bwana Marchetti huenda kazini kwa kuruka.

Bi Marlys akasema nadhani wamekwenda mjini Fargo. Bi Ardis akasema ndiyo, Fargo, kwa shangazi yao. Mara ya kwanza katika miaka kumi na moja wanakubaliana jambo!

Bi Xiong akafunga daftari. Akasema anataka kuongea na mtu mmoja wa familia hiyo, yeyote, kabla ya Jumatatu saa sita mchana. Mpaka saa hiyo anapokea pia marekebisho. Baada ya hapo majina matatu yanafutwa, tunabaki hamsini na saba, na maombi yanaanguka. Kuomba tena ni mwakani.

Mwakani Linnea atakuwa na miaka minane. Mwaka mzima wa lile basi! Nimemfanyia mimi. 

Alhamisi, 23 Januari

Asubuhi nilimkuta Mzee Verlyn tayari yuko kwenye ukuta wa theluji na greda lake, anasukuma, anarudi, anasukuma. Bi Ardis akaja na masinia manne yamefunikwa mablanketi. Analia, machozi yanaganda.

"Siku zote hizi watoto watatu wako mle ndani," alisema, "na barabara imezibwa, na hakuna aliyewapelekea hata mkate!"

Bi Marlys, aliyekuwa anashuka garini, akamuuliza wewe si ulipeleka nyama na viazi?

"Na wewe keki yako ya limau iko wapi?"

Wakaangaliana. Ndipo nikaelewa, na nikaogopa kuliko siku zote. Kila mmoja alijua uongo wake tu. Ule wa mwenzake aliuamini!

Bi Marlys akasema kwa sauti iliyopasuka kwamba angalau Verlyn amewaona. Mzee Verlyn akazima injini, akavua kofia kwenye baridi ile. Akasema hajapita nyumba ya tisa mwaka wa tatu huu. Kule mwisho alijua hakuna mtu, basi akawa anageuzia pale. "Nimewafungia," akasema. "Nimewafungia wale watu na theluji."

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Baridi ikaingia, neno halikutoka. Watu wazima watatu wanatetemeka mbele yangu, wanadhani wameua familia, na mimi nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema!

Mzee Verlyn akawasha tena. Ilichukua saa nzima. Akaupiga mlango teke. Ndani: vumbi, kinyesi cha panya, kiti kimoja, kalenda ya miaka minne iliyopita. Bi Ardis akakaa kwenye ngazi na sinia mapajani.

Nikasubiri wanigeukie. Nilihesabu. Nilifika kumi na saba.

"Wamehama," akasema Bi Marlys polepole. "Walikaa hapa, hakuna aliyewagongea mlango, wamehama." Kisha akanigeukia kweli, akanivuta, akanikumbatia. "Ni Britta peke yake aliyewatembelea. Mtoto huyu mwenye haya kuliko wote."

Nikakumbatiwa. Nilisimama kama mti nikakumbatiwa.

Jumamosi, 25 Januari

Bi Marlys ametoa amri. Hakuna sinia linalorudi nyumbani. Tunagonga nyumba zote tisa, kamati nzima, leo.

Nilijificha nyuma ya Mzee Verlyn, ambaye ni mpana. Nyumba ya kwanza, yule mbwa alilala chali apapaswe tumbo. Wenye nyumba wametoka Guatemala, wanafanya kazi kwenye mabanda ya bata mzinga, wako hapa mwaka wa pili. Wa pili! Watoto wanne, wanasoma Brandvold tangu mwanzo. Kaylee akaongea nao Kihispania, tena kwa mikono, kila mtu akamsifu. Mimi pia nilisoma Kihispania. Nilipata alama kumzidi. Nikasema "hola" kwa mgongo wa Mzee Verlyn.

Bwana wa nyumba alionja chakula cha Bi Ardis, akafikiri, akaenda kuleta pilipili. Bi Ardis akaionja, akakohoa hadi machozi, akaomba nyingine.

Nyumba ya pili, ya pazia, ni ya bibi anayelea wajukuu wawili. Alitufungulia mlango kidogo tu. Akasema aliogopa, maana kuna msichana amekuja siku tatu mfululizo akakaa kwenye gari anaiangalia nyumba. Alidhani ametumwa kuwachukua watoto. Aliwaficha kabatini.

Nimeandika haraka ili lipite. Halipiti. Wao ndani wananiogopa, mimi nje nawaogopa.

Jumla watoto kumi na mmoja, saini zote za kweli. Sitini na wanane! Jioni nilipomsomea Linnea majina, akashangaa nashangaa nini. "Yesenia? Si tunakaa naye kiti kimoja kwenye basi? Ndiye alinipa sweta lake nilifunge kiunoni siku ile."

Alhamisi, 6 Februari

Tumekubaliwa!

Bi Xiong alipiga simu mwenyewe. Alisema Bi Marlys alimwandikia barua, akaungama habari ya keki, ya nyama na ya greda, na jinsi walivyokwenda kugonga milango. Alisema amesoma maombi mengi mazuri. Kamati inayosema ilichokosea hajaona nyingi. Bi Marlys na Bi Ardis walishikana mikono, kisha wakakumbuka, wakaachana. Linnea amechora shule kwenye dirisha la jikoni kwa kidole na kila asubuhi anaipulizia isifutike.

Wote wameungama isipokuwa mmoja. Nilikusudia. Nilikuwa nimeandika hata karatasi. Lakini limebaki sharti dogo. Wanataka barua ya mtaalamu wa kufundisha kusoma, aliyeupitia mpango wetu na kuukubali. Bi Marlys alinipa namba ya chuo kikuu nipige. Nilipiga. Ikalia mara moja, mtu akasema halo, nikakata.

Barua imekwenda leo. Imesainiwa, kwa mkono wa kushoto, na Daktari Philippa Rosenquist. Ni barua nzuri sana. Bi Marlys ameisoma mara mbili, anataka daktari huyo aje Septemba kukata utepe, na mimi nimeambiwa nimwalike.

Wewe uliyeokota daftari hili, nakuomba. Mtoto anapulizia dirisha kila asubuhi. Usimwambie mtu.