Kikohozi Kwenye Kitenzi

Jumatatu, 3 Machi
Bosi anatafuta fundi mmoja akae dukani, aongee na wateja wa kigeni. Kwaheri gundi ya mbao! Usaili wa Kiingereza ni Ijumaa. Mpinzani ni mmoja tu: fundi wa vanishi, tunayemwita Mng'aro. Nimemwambia asijisumbue, Kiingereza mimi nakinywa kama chai. Uongo mtupu. Kwa Kiswahili, "nafanya" na "nimefanya" sijazichanganya tangu niote meno. Kwa Kiingereza, kila nikichagua moja, mwalimu wa darasa letu la jioni anataka ile nyingine.

Jumatano, 5 Machi
Akili ni mali! Darasani, Mng'aro kakaa pembeni yangu, nimeulizwa niko karakana hii tangu lini. Nikaanza vizuri, kufika kwenye kitenzi, nikakohoa. Kikohozi kirefu, cha mtu mzima. Nikamalizia sentensi kwa madaha. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, akanipa pole. Kitenzi alijijazia mwenyewe! Mng'aro, maskini, alitamka chake wazi, akasahihishwa mbele za watu. Nilimcheka kimoyomoyo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimezidisha, nakohoa hadi karakanani. Mafundi wamehamisha mabenchi yao. Habari zikanitangulia nyumbani: mama mkwe kapanda basi, kaacha kuku wake kwa jirani, kaja kunifukiza. Nikiwa chini ya blanketi nilimsikia akimwambia mke wangu, baba watoto huyu atajiua kwa kukuhangaikia wewe na wanao. Laiti ardhi ingenimeza. Nikakohoa, basi tu, kwa aibu.

Ijumaa, 7 Machi
Kikohozi cha tatu kwenye usaili, bosi akanikatiza. Kifua hiki, akasema, kitamfukuzia wateja; niende nikapumzike. Nimwambie mimi mzima? Halafu nieleze nini? Kazi kapewa Mng'aro. Na kabla ya kuipokea alinitetea! Alimwomba bosi aningoje nipone, eti kaka huyu Kiingereza anakijua kuliko yeye. Nilitazama viatu vyangu. Vinataka kiwi.

Jumamosi, 8 Machi
Mng'aro kaja na machungwa. Kasema bosi atahitaji mtu wa pili dukani, basi tukae jioni tuzirudie zile nyakati mbili, "maana hata mimi zimenitoa jasho, kaka." Mama mkwe akambariki. Hapo ndipo muungwana angekiri. Machozi yalinilenga. Nikafungua kinywa. Nikamwambia nyakati hizo nazijua zote, tatizo ni kifua tu.

Jumatatu naanza kwikwi. Ni fupi, na haimtishi mteja.