Mchunga wa Kumfukuzia Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, bado yupo. Alikuja kutusalimia Januari. Salamu ndefu! Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Nilimpa. Akaliuza. Leo nimepata dawa yake: mchunga, ile saladi ya mwituni inayoota nyuma ya duka ninaloshonea nguo. Ukikata jani linatoa utomvu mweupe, na uchungu wake hata mbuzi huufikiria kwanza. Nimemwambia mke wangu kwamba daktari ameamuru tule mchunga mchana na jioni. Nyama marufuku. Mla nyama kama yule hamalizi wiki.

Jumanne, 5 Machi
Nilitafuna huku nikitabasamu, machozi yananitoka. Shemeji alimaliza sahani yake, akavuta na yangu. Eti bibi yao aliwalea kwa mchunga. Mbona wakati wa posa sikuambiwa?

Alhamisi, 7 Machi
Nimeongeza makali. Majani makongwe, mabichi, bila chumvi. Shemeji akayachukua jikoni, akayachemsha, akamwaga maji, akayaunga kwa kitunguu. Yamekuwa matamu. Adui anaipika silaha yangu! Mimi, kwa ukaidi, nilikula yangu mabichi. Kazini nikasinzia kwenye cherehani, nikashona mfuko wa shati la mteja mgongoni. Mwenye duka aliniuliza kwa upole mteja atatoa leso kwa mkono wa nani.

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji ameng'oa mchunga wa nyuma ya duka pamoja na mizizi, akaupanda uani. Majirani wanakuja na vikapu, wanamwita Bwana Shamba. Mimi wananiuliza kama ndimi mgeni wake. Mke wangu kaona fahari, kampa chumba changu cha kushonea hapa nyumbani.

"Kaka yangu amejipatia kazi," akaniambia. "Wewe mume wangu, varanda ina hewa nzuri."

Cherehani yangu iko varandani. Mimi pia. Na daktari wangu wa uongo bado amekataza nyama.

Jumapili, 10 Machi
Mama mkwe amesikia jinsi mwanawe alivyonawiri. Anakuja Jumatano, naye anataka kunawiri. Mizigo ameitanguliza. Sikutetereka. Nilimuuliza shemeji, kama mtu anayejali, mama huwa hali chakula gani. Akatafuna taratibu, akatabasamu, akasema pilipili, mama hawezi hata kuinusa.

Masikini, kamsaliti mama yake bila kujua! Kesho naenda sokoni na gunia.