Sahani ya Kaka

Jumatatu, 4 Machi

Nchi hii ilikuwa ikinisubiri mimi. Sina hata siku mbili tangu nishuke kwenye ndege, na tayari daktari bingwa wa hospitali amenishika bega mbele za watu! (Nilikuwa nimeziba mlango. Lakini bega ni bega.)

Kaka amekonda mpaka saa ya mkononi inamzunguka. Daktari anasema zimebaki siku za kuhesabu. Ameruhusu atoke mara moja tu, Alhamisi mchana, dakika sitini, kisha arudi kwenye mashine ya hewa. Bintiye akamuuliza anataka kwenda wapi. Kaka akasema mkahawa wa Kihindi ng'ambo ya barabara, akakae na mdogo wake. Si nilimwandikia enzi zile, nikiwa ughaibuni, kwamba mimi ndiye mpishi mkuu wa Wahindi? Kwamba waziri alilia kwa biriani yangu? Barua zote anazo. Kwenye mfuko wa plastiki, chini ya mto.

Mume wa binti, yule mfamasia wa miwani, akauliza waziri gani. Nikamwambia siri za serikali hazisemwi wodini.

Jumanne, 5 Machi

Mpango umekamilika. Nimekwenda mkahawani peke yangu. Mapazia mekundu, harufu ya bizari mpaka barabarani. Nikamwambia mhudumu: Alhamisi nikiingia na mgonjwa kwenye kiti cha magurudumu, niinamie, uniite Mkuu. Akauliza yeye anapata nini. Nikavua tai yangu ya harusi. Akaipima shingoni, akakubali. Akili ninayo!

Jumatano, 6 Machi

Mimi na mfamasia tumegombea kusukuma kiti. Nimeshinda. Nimekigonga kwenye lifti. Kaka hakulalamika. Alinishika mkono, akasema kesho tukae tuongee kama zamani. Nikamwambia maneno baadaye, kesho ni kula.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa! Mhudumu wangu yuko mapumziko. Kamwachia mwenzake maagizo, na tai pia. Huyo mwenzake akainama mpaka chini: "Karibu, Mkuu!" Kwa nani? Kwa mfamasia! Eti kwa sababu ya miwani. Na yule bila aibu akajibu ahsante.

Kaka akatabasamu. Hapo nikatangaza kwamba naingia jikoni, nimpikie kwa mkono wangu. Kaka akasema, "Kaa bwana, mdogo wangu, wapishi wapo." Nikasema hawa watamharibia.

Mpishi, pande la mtu, hakuuliza kitu. Alinitazama mara moja, akanitupia aproni, akanyoosha kidole kwenye sinki. Kajuaje? Nikamwomba sahani moja tu ya biriani, niitoe mimi. Akasema masufuria kwanza. Yalikuwa yamefika dirishani. Nikasugua. Ningetokaje mikono mitupu, mfamasia akiwa ameshaitwa Mkuu?

Nilipotoka na sahani, Kaka amesinzia, kidevu kifuani. Bintiye anamvisha koti. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Ba'mdogo, hakugusa hata maji. Muda wote alikuwa anatazama ule mlango ulioingilia."

Kaka akafumbua macho. Hakuitazama sahani. Alitazama vidole vyangu, vilivyojikunja kwa maji kama vya mtoto aliyesahauliwa kwenye beseni. Akasema, "Umepika sana, mdogo wangu." Akacheka. Kikohozi kikamkata. Dakika zikawa zimekwisha.

Jumamosi, 9 Machi

Kaka amefariki alfajiri. Hatukuongea tena. Binti amenikabidhi mfuko wa barua. Nimeuweka juu ya kabati. Sijaufungua.

Jumapili, 10 Machi

Waombolezaji wamejaa sebuleni mpaka kwenye ngazi. Lazima mtu awape moyo. Nimewasimulia jinsi Kaka alivyomaliza biriani niliyompikia, akalamba vidole, akaomba nyingine, na mpishi wa Kihindi akatoka na kalamu kuandika ninavyokaanga vitunguu. Walilia, wakacheka. Binti akatoka nje.

Mama mmoja mnene akasema basi kesho niwapikie msiba, watu sitini. Nikamwambia sitini ni wachache, mama, mkono wangu umezoea mia tatu. Mfamasia alikuwa mlangoni. Alisikia.

Sasa nimekaa jikoni kwa binti. Jiko lao halina hata pa kuzungusha, ni kioo tu, kama meza. Hata chai ya asubuhi, jiko aliniwashia mfamasia.