Msiba wa Uwanja wa Mikumi

Jumatatu, 7 Julai

Mimi Ditram wa Magomeni, Kilosa mjini. Nina miaka sabini na nane. Nimeishi kuliko mashamba ya mkonge. Mafuriko ya mto Mkondoa yamenikuta na kuniacha, yale makubwa na yale yaliyofuata. Wenyeviti wa klabu yetu ya mpira, Reli, nimewazika wote, isipokuwa mmoja aliyehamia Dodoma, na huyo namhesabu. Daktari aliyeniambia niache chumvi, naye nimemzika. Shule niliishia darasa la nne, lakini la zamani, ambalo ni sawa na chuo cha siku hizi.

Leo Sabasaba, na habari njema imeingia kabla ya chai. Uwanja wa Mikumi umefungiwa! Mkaguzi wa mpira alikwenda wiki iliyopita, akakuta nguzo ya goli imelala upande na nyavu hazipo. Tembo alitoka hifadhini, akajikuna kwenye nguzo, akaondoka na nyavu mguuni. Na timu yao inaitwa Tembo. Nimecheka mpaka mke wangu Yusta akaniletea maji.

Hawa ndio waliotangaza kwamba watajenga jukwaa la ghorofa. Kwamba watafika Ligi Kuu, na watalii wakishamaliza kuangalia simba watapita kuwaangalia wao. Jukwaa lenyewe nimeliona. Mabenchi mawili na turubai. Mtalii akikaa pale ataomba arudishwe kwa simba.

Mkaguzi atarudi Jumamosi. Wakishindwa tena, mechi yao na sisi ya tarehe ishirini, ile ya kuamua nani anapanda ligi ya mkoa, itahamia hapa Kilosa. Na hapa hatufungwi. Maji yakijaa magotini hatufungwi.

Jambo moja limeniharibia siku. Happiness, katibu wa klabu, kapita hapa. Shikamoo babu, marahaba mwanangu. Halafu akasema Jumapili kuna kikao cha kuamua nyavu za Reli zihamie ofisini. Nyavu hizo nimezifuma mwenyewe kwa kamba ya katani, fundo kwa fundo, na zinakaa chini ya kitanda changu. Siku ya mechi nakatiza nazo mjini, zipo begani, na watu wazima wananipisha. Bila nyavu mimi ni mzee tu mwenye kikohozi.

Nikamwambia ofisini kuna panya. Akasema na kwangu wapo, amewaona. Nikamwambia hawa wa kwangu wamenizoea.

Lazima nifanye jambo kubwa kabla ya Jumapili. Jambo ambalo baada yake hakuna mtu wa kuthubutu kuninyang'anya kitu.

Jumanne, 8 Julai

Nimelipata. Tunauzika uwanja wao. Jeneza, mikeka, kilio, pilau, kila kitu. Msiba uko nyumbani kwangu, na mfiwa mkuu ni mimi. Keshokutwa.

Fortunatus seremala amekataa kutengeneza jeneza. Anasema kazi ile haichezewi, kwa vile bado ana wateja wa kweli wanaosubiri. Basi nimelitengeneza mwenyewe kwa mlango wa kabati la Yusta. Yusta kauliza nguo zake zitafunikwa na nini. Nimemwambia nguo zinahitaji hewa. Jeneza nimelipaka kijani, rangi ya Tembo. Limependeza. Ningekuwa mwepesi wa tamaa ningelitaka mwenyewe.

Tatizo ni uzito. Vijana wawili wamelijaribu, wamelibeba kwa mkono mmoja huku wanakula muwa. Msiba gani huo? Nikatafuta kitu cha kutia ndani. Gunia la pumba Yusta kalikalia. Mwisho nikazitoa nyavu chini ya kitanda, zote mbili, nikazivingirisha kwenye shuka. Uzito wa mtu mzima hasa. Nikapigilia misumari pande zote.

Yusta kauliza, zikipotea je? Nimemjibu kwa utulivu. Jeneza litatoka hapa, litazunguka uwanja wetu, litarudi hapa. Tangu lini maiti ikapotea?

Nimemtuma kijana wa pikipiki yenye kipaza sauti atangaze msiba. Yeye alitaka kuishia sokoni. Nikamwambia afike mpaka Kisanga, njia ya Mikumi. Jambo langu haliwezi kuishia sokoni.

Alhamisi, 10 Julai

Naandika polepole.

Asubuhi ilianza vizuri kupita kiasi. Watu walijaa mpaka barabarani. Jirani yangu Mwanakheri aliingia analia, kuni kichwani, akijua tumefiwa kweli. Alipoambiwa aliyekufa ni uwanja alitua kuni, akasema maadamu ameshalia atangoja chakula. Happiness naye alikuja, akasimama pembeni amefunga mikono. Nilimwona anazuia kicheko. Nikasema moyoni, kazi imekwisha, nyavu ni zangu.

Ndipo likaingia fuso. Lilitoka njia ya Kisanga likipiga honi, limejaa watu wamejifunga majani kichwani. Mbele kwa dereva amekaa Cleopa.

Cleopa ni mzee wa Tembo, umri wangu, ila mimi nina meno zaidi. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu kwa babu zetu. Na hapa ndipo nilipojisahau. Kwetu watani wakifika msibani, mfiwa hana kauli tena. Wao ndio wanaoamua chakula. Wao ndio wanaoshika maiti na kuizika. Wakichukua kuku wako, wamechukua. Ukinuna, wewe ndiye mwenye aibu.

Akashuka. Akaniuliza bado sijafa. Nikamjibu namngoja yeye atangulie. Hapo bado nilikuwa na nguvu.

Wakachukua jogoo. Wakaihamisha sufuria ya pilau kwenye fuso, ikiwa bado inachemka. Dada yake, Yudith, akavaa koti langu, akajitwika mkeka begani, akakatiza uani anakohoa na kusalimia watu ambao hawakumsalimia. Watu walilala chini kwa kucheka. Sijui alikuwa anamwiga nani.

Halafu Cleopa akasimama mbele ya jeneza, akavua kofia.

"Mtani, marehemu ni nani?"

"Uwanja wenu."

"Kwao wapi?"

"Mikumi."

"Basi tumekuja kuchukua maiti yetu. Huwezi kumzika mtu ugenini wakati ndugu zake tupo."

Umati ukasema ni haki. Hata vijana wa Reli walisema ni haki. Hata Mwanakheri, na mdomo umejaa. Nikajaribu kusema tumzike hapa kwa sababu safari ni ndefu. Cleopa akasema wao ndio waliokuja na gari. Nikasema basi mfiwa aage kwanza, peke yake, na nyundo. Wakanirudisha kwenye mkeka kwa heshima kubwa, wawili huku na wawili huku. Mfiwa haruhusiwi kugusa.

Happiness alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu. Nikisema kilichomo, kikao cha Jumapili kimekwisha hapo hapo. Nisiposema, nyavu zinapanda fuso. Nikalia. Machozi ya kweli, mpaka kifuani.

Watu wanasema hawajawahi kuona mtu anayeigiza vizuri hivyo.

Ijumaa, 11 Julai

Nimetulia. Nimepata njia.

Nimempigia Cleopa simu. Nimemshauri kama mtu mzima kwa mtu mzima kwamba jeneza lisifunguliwe. Lizikwe kama lilivyo, leo, nyuma ya goli la kusini, na kaburi liwe la kina kifupi. Baadaye nitakwenda na jembe langu.

Akauliza kwa nini kifupi. Nikasema ardhi ya Mikumi ni ngumu, nawaonea huruma.

Nilisikia kuku wanalia upande wake, mmoja nadhani ni jogoo wangu. Kisha akasema, "Mtani, huruma yako naijua tangu tunachunga mbuzi. Ngoja nikatafute nyundo."

Jumamosi, 12 Julai

Uwanja wa Mikumi umefunguliwa.

Happiness kanionyesha picha kwenye simu yake. Nguzo wameinyoosha kwa trekta. Na kwenye magoli yote mawili, nyavu zimetandazwa kama chandarua cha bwana harusi. Chini wameandika kwamba marehemu amefufuka na anamshukuru mfiwa kwa mavazi.

Mkaguzi inasemekana alizishika, akazivuta, akasema katika wilaya nzima hajaona nyavu imara kama hizo. Nilijikuta natabasamu. Kisha nikakumbuka.

Happiness hakunitukana. Alikuza picha kwa vidole viwili mpaka fundo moja likajaza kioo chote, akaniuliza kama nalifahamu. Nikasema mafundo yote yanafanana. Akasema babu, hilo ni la kwako, hakuna mtu mwingine anayefunga hivyo. Ni kweli. Hakuna.

Jumapili, 13 Julai

Kikao. Ajenda ilikuwa moja, nayo ilikuwa mimi.

Nikaulizwa nyavu ziko wapi. Nikasema zimesafiri. Nikawaeleza kwamba niliwaazima Mikumi kwa makusudi, tuwafunge kwao, mbele ya mama zao, wasipate kisingizio. Wazee wawili walianza kukubali. Happiness akauliza kama jeneza nalo lilikuwa sehemu ya kuazima. Nikaomba maji.

Wameamua nyavu zikirudi ziende ofisini. Lakini kwanza zirudi. Kitu kilichochukuliwa na mtani msibani hakidaiwi kwa nguvu wala kwa polisi. Kinagombolewa, na anayetaja sharti ni mtani. Cleopa ametaja. Siku ya mechi nivae kijani, nizoe kinyesi cha tembo uwanjani mwao kabla ya mpira kuanza, nikae kando yake mpaka mwisho.

Nimekataa kabisa. Nimekataa mpaka saa ya chakula cha mchana.

Jumapili, 20 Julai

Mikumi.

Kinyesi cha tembo si kinyesi cha mbuzi. Kimoja kinajaza karai. Nilizoa kutoka kona hadi kona, nimevaa jezi ya kijani inayofika magotini, na watu wa Mikumi wakanishangilia kila karai. Wa kwetu nao walishangilia. Nilinyoosha mgongo kati ya karai na karai, ili picha zitoke vizuri.

Nikakaa na Cleopa kwenye lile benchi. Kweli ni benchi. Upepo ulivuta turubai, likapasuka upande mmoja, nikalitazama kwa makini.

Mechi ilikuwa ngumu. Kipa wetu aliokoa mengi. Kisha mwishoni kijana wao mwembamba akapiga kutoka mbali, kipa akaruka, hakufika. Mpira ukaingia kwenye nyavu zangu, zikajaa kwa nyuma, zikaupokea, zikaushusha chini taratibu. Haukupenya. Hakuna hata uzi uliokatika. Moja bila. Wamepanda wao.

Mikumi yote ilikuwa inaruka. Cleopa hakuruka, magoti yake hayamruhusu. Aliinama kwangu.

"Mafundo yako mazuri, mtani."

"Najua," nikamwambia.

Baada ya mpira alinisaidia kuzifungua mwenyewe, ngazi anaishika yeye, juu nipo mimi. Hakusema kitu cha utani kwa muda mrefu, nikaanza kuwa na wasiwasi na afya yake. Nilizibeba begani kutoka golini mpaka kwenye gari, na watu wa Mikumi wakanipisha njia. Wote. Hata Yudith.

Tulipofika Kilosa, Happiness alikuwa mlangoni mwa ofisi na ufunguo. Nikamkabidhi. Bega limebaki jepesi. Sikulipenda.

Jumatatu, 21 Julai

Happiness kaja asubuhi, shikamoo babu, akasimama kidogo, akanipa vibendera vinne vya kona. Klabu imeamua nivitunze mimi. Nimemwambia nitalifikiria. Alipogeuka tu nikavitia chini ya kitanda. Ni kazi kubwa kuliko nyavu, watu hawaelewi. Bila nyavu goli bado ni goli. Bila kona uwanja ni shamba.

Nimekaa nikapiga hesabu ya mambo. Wameufufua uwanja, sawa. Lakini msiba ulifanyika, watu walikula, kilio kilisikika. Msiba wowote una arobaini yake, na arobaini ya huu haijafanywa. Mwezi ujao naifanya hapa hapa kwangu, kubwa kuliko mwanzo, kipaza sauti kipite Mikumi, kifike mpaka Malolo. Na safari hii tunazika jukwaa pamoja. Lile turubai nimeliona kwa macho yangu.

Jeneza jipya nitalitengeneza kwa mlango wa pili wa kabati. Litahitaji kitu ndani kidogo, lisichezecheze. Nimepima. Vibendera vinne vinaingia vizuri sana.

Watani? Hao wameshakuja mara moja. Hawatakuja tena, hawana sababu.

Asiyeamini kwamba nilipishwa njia Mikumi, amuulize Mwanakheri, aliyekwenda kwa ajili ya pilau. Amuulize Fortunatus, aliyekataa jeneza na sasa anajuta. Yudith naye anajua, ila arudishe koti kwanza. Cleopa asiulizwe. Shahidi mkubwa ni Yusta, aliyeona yote tangu mwanzo, lakini kwa sasa haongei na mtu. Yuko chumbani anatoa nguo zake zilizobaki kabatini.