Vita vya Bibi Swichibodi na Tarakimu ya Mwisho

Sogeeni, enyi wenye masikio mawili na subira moja, mwache mlichokishika na mketi mnyamaze, kwa maana leo hazisimuliwi habari za wafalme waliotwaa miji wala za majemadari waliovuka majangwa, bali habari iliyo kubwa kuliko hizo: jinsi Bibi Swichibodi, binti wa fundi viatu, mjane wa karani wa posta, mlinzi wa Meza ya Tatu kwa miaka ishirini na sita, Mwenye Vidole Visivyokosea Tundu, alivyopiga simu.

Msicheke. Alikusudia kupiga moja, zikawa kumi na tatu.

Kwanza mjue alikuwa nani. Zama zile simu ilipokuwa na mpini wa kuzungusha ubavuni, na namba za mji mzima zikatosha kwenye karatasi moja ya ukutani, hapakuwa na mja aliyesema na mwenziwe bila kupita mikononi mwake. Yeye aliketi mbele ya ubao wenye matundu mia mbili, akichomeka waya huku na kuuchomoa kule, na neno lake la kwanza kwa tajiri na kwa fukara lilikuwa lile lile: "Namba, tafadhali." Na upande wa pili wa waya, katika mji mkubwa ulio mbali safari ya siku nzima, aliketi mwanamke mwingine, mlinzi wa Meza ya Saba. Kanuni ya kazi ilikataza maopereta kutajana majina kwenye laini, nao walikuwa watiifu mno. Wakaitana kwa meza zao, wakaunganisha misiba ya watu na posa za watu, na katikati ya kazi hiyo wakawa chanda na pete bila kuonana hata siku moja.

Kanuni ya pili ilisema: mji mkubwa hupiga, mji mdogo hupokea. Mitambo ilipokuja ikawanyang'anya viti, walistaafu pamoja na kanuni yao. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, simu nyeusi ya mezani ililia sebuleni kwa Bibi Swichibodi, naye akapokea. Kupiga, hakupiga kamwe. Barua hawakuandikiana, kwani mwenye bomba jikoni haendi na ndoo kisimani.

Basi ikawa siku ya Alhamisi, saa tano na dakika kumi, mkwe wake, mke wa mwanawe, mshonaji wa mapazia, akainua chungu cha maua apate kupima dirisha. Chini yake akakuta barua ya ofisi ya simu, imelowa pembeni, imekaa hapo wiki tatu ikizuia maji yasichafue ubao wa dirisha.

"Mama," akasema, "hawa wanasema leo saa sita mchana wanazima simu zote za waya. Hapa na mji mkubwa. Wanazima jumla."

Bibi Swichibodi alikuwa akipembua mchele. Aliweka ungo chini polepole, kwa kuwa aliyaona yote kwa mara moja. Waya ukifa, Meza ya Saba amepotea. Hakuwa na jina lake, wala mtaa wake, wala sura yake. Alikuwa na namba ya nyumbani kwake tu, tena namba ya kale, ambayo hakuwahi kuipiga tangu avue vifaa vya masikioni.

"Niletee kiti kisicho na mto," akasema, "na saa ya ukutani uiweke hapa nionane nayo uso kwa uso. Mwanangu, leo mji mdogo unapiga."

"Si utumie yangu ya mkononi, Mama? Ni haraka."

"Waya ndio uliotukutanisha miaka yote hiyo. Kama kuna kuagana, tutaagana mlangoni, si dirishani."

Mkwe akaleta kiti na saa, maana alimjua.

Ndipo shujaa akafumba macho akauita ukoo wa ile namba, kizazi baada ya kizazi. Hapo mwanzo ilikuwa mbili moja saba, nayo haikuzungushwa, iliombwa kwa mdomo. Ukaja mtambo wa kujiunganishia, ukaivika sita nne mbele, ikawa ya tarakimu tano, na watu wakalia kwamba namba ndefu namna hiyo haikai kichwani mwa binadamu. Kisha kila mji ukapewa msimbo, na mji mkubwa ukatwaa sifuri tisa nane. Mwishowe, namba zilipojaa pomoni, ofisi ikaongeza mbili mbele ya kila namba, na Bibi Swichibodi ndiye aliyewatangazia wateja habari hiyo miezi minne mfululizo, hata akawa anaitangaza usingizini na marehemu mumewe akimjibu asante.

"Sifuri tisa nane," akasema, "mbili, sita nne, mbili moja saba."

Mkwe alihesabu kwa vidole, zikatimia tisa. Yeye namba ya mumewe mwenyewe hakuijua bila kuisoma.

Shujaa akautwaa mkonga wa simu. Mlio ukamjibu, mnene, wa kuaminika. Akaingiza kidole katika tundu la sifuri, lililo la mwisho na lenye safari ndefu kuliko yote, akaliburuta lile duara la namba hadi kwenye kizuizi, akaliachia, nalo likarudi likikwaruza taratibu na kwa maringo, kama lisiloona saa. Kisha akangoja, mgongo umenyooka. Akangoja. Simu ikanyamaza, halafu ikaanza kumpigia kelele za kumfukuza.

Akajaribu tena, akafukuzwa tena. Mara ya tatu vivyo hivyo, na saa ya ukutani ikasema tano na nusu. Jasho likamtoka, na kwa mara ya kwanza maishani akavitazama vidole vyake kwa shaka.

"Mama," mkwe akauliza, futi ya kupimia bado shingoni, "ukishapiga sifuri unangoja nini?"

"Nangoja mlio wa pili. Sifuri ni kubisha hodi kwenye njia kuu. Njia kuu ikiwa tayari, inatoa mlio wa pili, ndipo unaendelea. Asiyengoja mlio wa pili ni mshenzi, na wateja wa aina hiyo niliwakata mimi mwenyewe."

"Siku hizi hakuna mlio wa pili, Mama. Hakuna anayekukaribisha. Unaingia tu."

Fahamuni kwamba ni rahisi kumshinda adui kuliko kuishinda adabu uliyofundishwa ukiwa na miaka kumi na tisa. Bibi Swichibodi alivuta pumzi, akasema kwa sauti ya mtu anayevunja mwiko, "Haya. Tuingie bila hodi." Akazungusha sifuri, na kabla moyo haujambadilikia akaidaka tisa, akaikokota nane, akazifuata mbili na sita na nne, na zote zilizobaki, bila kupumua, mpaka duara liliporudi mara ya mwisho likatulia.

Ikaita. Ikaita tena.

"Haloo?"

"Meza ya Saba?"

Upande wa pili kiti kilisikika kikigongana na kitu. "Meza ya Tatu? Wewe ndiye unayenipigia? Nani amekufa?"

"Waya, mwenzangu. Waya unakufa leo saa sita. Hukupata barua?"

"Barua ipo, naiona hapo. Nimefunikia sufuria ya maziwa."

Wakacheka mpaka mkwe naye akacheka asijue anacheka nini. Na hapa ndipo historia inapolazimika kusema ukweli hata kama unaumiza: majemadari hawa wawili, wakiwa na nusu saa mkononi na ngome karibu kuanguka, walianza kuulizana habari za goti. Kutoka goti wakaenda kwa mjukuu aliyekataa shule, kutoka kwa mjukuu wakaenda kwa yule bwana wa zamani aliyekuwa akipiga kila Ijumaa kumuuliza mkewe bei ya vitunguu. Mkwe aligonga saa kwa kidole mara mbili. Mara ya tatu aliishika na kuileta mbele ya macho ya shujaa. Ilikuwa imebaki dakika moja na nusu.

"Una simu ya mkononi?" akauliza Bibi Swichibodi.

"Ninayo. Naangalia saa nayo. Namba yake imebandikwa mgongoni, ngoja nivae miwani."

Miwani ikavaliwa. Na sasa kanuni ya tatu, kongwe kuliko zote, ikaja kudai haki yake: namba hutolewa mbili mbili, na anayepokea huzirudia, na asiporudia hapewi nyingine. Kila mmoja wao angeweza kuivunja. Wazo hilo halikumjia hata mmoja. Jozi ya kwanza ikatolewa, ikarudiwa, ikathibitishwa kwa neno "sawa". Ya pili hivyo hivyo, na ya tatu, na ya nne. Namba yenyewe siitaji hapa, msije mkamsumbua bibi wa watu.

"Mbili za mwisho," akasema Meza ya Saba. "Tano, na—"

Saa sita. Hapakuwa na mlio wa kufukuzwa wala wa kukaribishwa. Mkonga ulikuwa kipande cha plastiki tu.

Bibi Swichibodi alikaa nao sikioni kwa muda. Alihuzunika, hilo sifichi. Kisha akauweka mahali pake, akaufuta kwa ncha ya kanga, akamgeukia mkwe wake akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo yako. Imebaki tarakimu moja, na tarakimu ziko kumi tu. Mimi nimelinda matundu mia mbili."

"Tuanze na saba, Mama. Si ndiye Meza ya Saba?"

Wakaanza na saba. Akapokea bwana mwenye gereji akasema gari bado halijapona. "Samahani, laini imekosewa," akasema shujaa, akakata, akamgeukia mkwe. "Ndiyo faida ya kubahatisha. Ubao hukaguliwa kuanzia tundu la kwanza."

Sifuri haikuwepo duniani. Moja alikuwa mwalimu darasani, akanong'ona. Mbili ilikuwa imezimwa. Tatu akataka kujua Bibi Swichibodi amepata wapi namba yake, wakaelewana baada ya maneno mengi. Nne akamwita shangazi, akasisitiza kuwa ni shangazi, na ilikuwa taabu kumwachisha. Tano haikupokelewa, akaitia alama ya kurudiwa. Sita alikuwa bwana wa gereji kwa simu yake nyingine, akaapa gari litapona kesho.

Akabonyeza nane. Iliita mara moja tu, kama iliyokuwa imeshikwa mkononi. Kisha sauti aliyoijua kuliko nyuso zote za mtaani kwake ikasema, taratibu, kwa matamshi ya kazini:

"Namba, tafadhali."

Bibi Swichibodi alilia, akacheka, akapangusa pua kwa ncha ya kanga.

"Yako, mwenzangu," akasema. "Naomba yako."

Na iandikwe katika kumbukumbu za mataifa kwamba siku ya Alhamisi, saa sita na dakika kumi na tisa mchana, mji mdogo uliupata mji mkubwa. Mkwe, kwa kukosa kalamu, aliandika tarakimu zote kumi ukutani kwa chaki ya kushonea, juu ya simu nyeusi, na hakuna anayeruhusiwa kupaka rangi hapo. Jumapili ya kwanza ya mwezi uliofuata, saa nne kasoro dakika mbili, Bibi Swichibodi alikuwa ameketi kwenye kiti kisicho na mto, simu ya mkononi mapajani, na mkwe akamuuliza kama anangoja kupigiwa.

"Zamu yangu kupiga," akajibu. "Tumebadilisha kanuni. Nangoja saa nne itimie tu, nisije nikaitwa mshenzi."