Uzinduzi wa Mpango wa Visigino Ifakara

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kuandaa Kamati. Waheshimiwa wajumbe wa kikosi kazi cha unyayo wa kulia, na wenzao wa unyayo wa kushoto ambao bado wako njiani. Viongozi wa dini, ambao nawaona mmeshika kivuli mapema. Wazee wetu, shikamooni. Wageni waalikwa kutoka Lupiro, Chita na Mofu. Mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na ambaye sikumtaja ajihesabu ametajwa. (Makofi ya wastani.)

Mimi, Alphonce, Mratibu Mkuu wa Mpango Jumuishi, Shirikishi na Endelevu wa Kukomesha Maumivu Sugu ya Visigino katika Bonde la Kilombero, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, ambao wenzangu wengi hawana, kuwaarifu kwamba lile tatizo la kuamka asubuhi, kushusha mguu kitandani na kuhisi umekanyaga msumari, sasa limepata mwenyewe, na mwenyewe ni mimi. (Makofi. Mtu anauliza chai itatoka saa ngapi.) Chai ipo kwenye mchakato.

Ndugu wananchi, wataalamu wangu walifanya upembuzi yakinifu, wakakaa semina, wakairudia semina kwa sababu pilau ya kwanza ilikuwa nzuri, na wakabaini kwamba asilimia tisini na saba ya viatu vya bonde hili vinatembea kwa mkono. (Kicheko.) Msicheke. Mnatoka nyumbani kwenda misa na viatu vizuri kabisa ndani ya mfuko, mnaipiga barabara kavu ile kwa malapa yaliyolika mpaka soli imebaki jina, mkifika mlango wa kanisa mnanawa miguu, mnavaa, mnakaa. Misa ikiisha mnavua. Kiatu kina soli nene, kina sponji kisiginoni, nyuma kimenyanyuka kidogo kama wataalamu wanavyoshauri, lakini kazi yake ni kusikiliza mahubiri. Ndiyo maana visigino vya viatu vyenu vina afya kuliko vyenu wenyewe.

Kuhusu mazoezi, ofisi yangu imebuni ngazi. Najua zoezi lenyewe ni kusimama kwa vidole ukingoni, kushusha visigino polepole, kuvipandisha tena, kila siku, kwa miezi, bila kukata tamaa. Na najua linaweza kufanyika kwenye kizingiti cha mlango au kwenye tuta la jaruba la mpunga. Lakini tuta la jaruba haliwekewi jiwe la msingi. Kwa hiyo tutajenga Kituo cha Kisasa cha Ngazi, chenye ukumbi wa mikutano, maegesho, ofisi ya mratibu, na ngazi moja. (Makofi marefu kutoka meza kuu.)

Sasa nimwite mnufaika wetu wa kwanza, Mama Apolonia wa Mofu. Huyu mama tangu mavuno yaliyopita anatembelea vidole. Juzi aliniambia mpunga wake umeiva, ndege wanaula, naye hafiki shambani, maana akikanyaga ile ardhi iliyokauka machozi yanamtoka. Iliniuma sana, nikaahirisha uzinduzi mpaka mpiga picha apatikane. Leo nimemvalisha viatu hivi kwa mikono yangu. Tembea, mama. (Mama Apolonia anatembea.) Hachechemei. Unajisikiaje?

("Kama nimekanyaga lundo la pumba, baba. Kesho nafika shambani.")

Mmesikia impakti hiyo. Na usivibebe, mama. Nakuagiza mbele ya umma huu: viatu mguuni, mpaka nyumbani, mpaka shambani. (Vigelegele.)

Tusimame kwa kaulimbiu. Kisigino? (Juu!) Maumivu? (Chini!) Mratibu? (Chai!)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Bwana Eustaki kwa kutuazima jiwe la msingi, lililobaki alipojenga choo chake. Nawashukuru wenye bango, ambalo upande wa pili ni la kampeni ya mbu, naomba upepo usiligeuze. Kwa namna ya pekee namshukuru Mama Oliva wa duka la viatu kwa kutuazima jozi hiyo kwa ajili ya picha. Anaisubiri kabla hajafunga duka. Mpango wenyewe, niseme kwa uwazi na uwajibikaji, haupo: haujaandikwa, haujapitishwa, na hicho Kituo sijui kitajengwa wapi. Kilichokuwepo ni uzinduzi, na umefana sana. Mama Apolonia, njoo uvue.

(Umati unageuka kutazama barabara ya Mofu.)

Mama Apolonia? Mgambo, mfuate. Mbona na wewe unachechemea? Jamani, msimfungulie njia huyo mama. Mama Apolonia, rudi. Ndiyo, nilikuagiza, lakini nilikuwa nahutubia.