Karatasi ya Mbiu ya Pasaka

Jumatatu, 18 Machi

Habari mbaya mazoezini. Zumari anahama. Baada tu ya Pasaka anakwenda kuishi kwa binti yake, mbali, tena moja kwa moja. Wanakwaya wamesikitika. Mimi nimedondosha kitabu cha nyimbo.

Miaka ishirini na miwili sasa mimi naye hatuna zaidi ya salamu, "Tumsifu Yesu Kristo" na "Milele amina". Na zamani tulikuwa chanda na pete! Siku ya maungamo yetu ya kwanza niliishiwa dhambi nikiwa kwenye foleni. Zumari akaniazima mbili zake: kuiba sukari na kumcheka mwalimu wa katekisimu. Niliziungama vizuri kuliko mwenyewe. Nimekumbuka kaptula zetu zilizopigwa pasi, harufu ya nta, mama zetu wakitungoja nje. Machozi yamenilenga nikiwa kwenye cherehani. Nimeshona mfuko wa mteja ukaziba kabisa.

Halafu ikaja ile Pasaka. Zumari ndiye aliyepangwa kuimba Mbiu, ule wimbo wa usiku wa Pasaka, mbele ya mshumaa mkubwa. Wivu ukanila. Karatasi yake ikaingia kwenye koti langu. Akapekuapekua, akakosa, akaduwaa. Nikajitokeza mimi, niliyekuwa nimeikariri wiki tatu. Tangu hapo kwaya humwita mzembe. Hata ufunguo wa kabati hawampi.

Sitaki aondoke hivi. Ila sitaki ajue pia.

Jumatano, 20 Machi

Nimeungama. Kwa akili! Nilimwambia Paroko kwamba zamani nilichukua karatasi isiyo yangu. Akauliza ngapi. Moja. Nilitarajia Salamu Maria tatu, nirudi kazini. Akasema malipizi yangu ni kuirudisha kwa mwenyewe kabla ya Pasaka.

Ninayo bado. Kila Kwaresima huitoa, nikafunga mlango wa duka, nikaimba peke yangu. Mke wangu hudhani napima suti.

Paroko hakusema niirudishe mkono kwa mkono. Nimelitafakari sana hilo.

Ijumaa, 22 Machi

Njia ya Msalaba. Kituo cha tisa, wote wamepiga magoti, macho chini. Nikatambaa hadi benchi la Zumari, nikaichomeka ndani ya kitabu chake. Goti limeteguka. Mama mmoja akaninong'oneza kwamba anaona wivu kwa ibada yangu.

Malipizi yametimia. Mwepesi kama unyoya!

Jumapili, 24 Machi, Matawi

Balaa. Zumari amefungua kitabu mbele ya kwaya nzima, akaiona. Ameigeuza huku na huku. Mwenyekiti wa kwaya akapiga kelele kwamba ni Mtakatifu Antoni, mtafutaji wa vilivyopotea. Akina mama wakapiga vigelegele. Paroko alikuwa anapita. Kwa kuwa siri ya kitubio ni siri, amekodolea macho maua ya altare kama anayehesabu petali.

Wameamua kusali novena ya shukrani, siku tisa, kuanzia leo. Nani aongoze? Mimi. Eti nina uso wa majuto.

Alhamisi, 28 Machi

Siku ya tano ya novena. Goti limevimba.

Mchana Zumari amekuja dukani. Mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili! Ameleta suruali ya safari nimpunguzie. Nikapiga magoti kupima pindo, pini mdomoni, na hapo ndipo aliponibana.

"Antoni hatumii penseli," akasema. "Kila mstari wa karatasi ile ameandika 'pumua'. Kwaya nzima, ni nani anayepumua mara nyingi hivyo?"

Nimemeza mate. Bahati sikumeza pini. Nikasema nisamehe, ndugu yangu. Nililia kwenye suruali yake. Akaniinua kwa kwapa, akasema alishanisamehe zamani, ila alikuwa ananingoja niseme. Kisha akasema amekuwa akinikumbuka sana. Tumekaa hadi saa kumi na moja tukikumbushana sukari, mwalimu wa katekisimu, marehemu mama zetu. Sijawahi kufurahi hivi tangu nioe, na mke wangu asisome hapa.

Ameomba kitu kimoja tu. "Waambie wenzetu wewe mwenyewe, kabla sijapanda gari. Nisiondoke na jina la uzembe."

Nimeapa. Siku ya mwisho ya novena, mbele ya wote.

Jumatatu, 1 Aprili

Siku ya tisa. Zumari amekaa benchi la mbele, mizigo mlangoni. Mwenyekiti amenikaribisha nitoe neno. Nimesimama. Nimeanza vizuri. Nimesema kwamba Zumari hakuwa mzembe hata siku moja.

Akina mama wananitazama, vitambaa mkononi. Nikasema karatasi ile ilichukuliwa. Wakauliza na nani. Nikasema na Shetani. Ukumbi mzima ukasema "Ee!" Basi ulimi ukateleza wenyewe. Nikasema kituo cha tisa niliona mwanga, na mkono mweupe ukiirudisha kitabuni. Wamepiga makofi mpaka madirisha yakatetemeka.

Zumari aliinama, mabega yakimtikisika. Wakadhani analia. Mlangoni amenikumbatia kwa nguvu, akasema, "Kweli wewe, hata leo umeshindwa kusema!" Akapanda gari. Nimepunga mkono mpaka kona.

Jina lake limesafishwa. Mimi nimechaguliwa mlezi wa kikundi kipya cha Mtakatifu Antoni. Kuhusu ule mwanga, nimeangalia kalenda. Maungamo ya Majilio ni Desemba. Nina miezi minane ya kutafuta padri asiyenijua.